Mti Uliowavalisha Wajapani Maski

Maski ilitufikia Kenya mwaka 2020 ikiwa na faini ya shilingi 20,000 mgongoni. Siku hizo picha za abiria wa treni za Tokyo zilizunguka sana kwenye simu zetu, kila mtu amefunika pua, na maelezo yakawa yale yale: Wajapani wana nidhamu, wamezoea. Hadithi tamu, ila inauruka mti. Unaitwa sugi.

Maski ilikuwepo Japani kitambo. Homa kali ya mafua ilipozuka 1918, serikali ilibandika mabango kuwahimiza watu waivae. Mafua yalipopoa, ikabaki kitu cha mgonjwa. Kilichoirudisha usoni mwa mamilioni ni msitu.

Vita Kuu ya Pili iliiacha milima ya Japani ikiwa na upara. Miti ilikuwa imekatwa kwa mahitaji ya vita na kuni, na miji iliyochomwa kwa mabomu ilidai mbao. Kwa hivyo miaka ya 1950 na 1960 serikali ikapanda sugi kwa fujo. Unakua haraka, unanyooka, mbao zake safi. Hata misitu ya asili ilifyekwa kuupisha. Leo mashamba ya sugi ni takriban hekta milioni 4.4. Chukua Machakos, Makueni na Kitui, ujaze mti mmoja Ukambani kote.

Halafu 1964 milango ya mbao za nje ikafunguliwa. Kukata sugi kwenye mteremko mkali kukawa hasara, basi ikaachwa imesimama. Shida ni kwamba sugi ikifika miaka 30 hivi ndipo inamwaga chavua kwelikweli. Piga hesabu mwenyewe.

Dalili zilianza mapema. Nikko, kaskazini mwa Tokyo, madaktari waliona wagonjwa wanaopiga chafya na kuwashwa macho kila majira ya kuchipua, na mwaka 1964 wakaandika kuwa chanzo ni chavua ya sugi. Cha ajabu, Nikko ina barabara iliyopandwa sugi pande zote tangu karne ya 17, zaidi ya kilomita 35. Mti haukuwa mgeni pale. Wingi wake nchini ndio uliokuwa mpya. Kufikia 2019, karibu watu 4 kati ya 10 Japani walikuwa na aleji hiyo.

Hapo maski ikapata kazi ya kudumu, na kusema kweli kazi hii inaiweza kuliko ile ya virusi. Punje ya chavua ya sugi ina upana wa mikromita 30 hivi. Kirusi cha korona ni kama 0.1. Chavua inanaswa na kitambaa cha kawaida, bora kisiache mwanya puani. Wajapani walitumia maski za shashi, unafua unaanika, mpaka mwaka 2003 kampuni ya Unicharm ilipotoa ya kutupa, iliyokatwa kufuata umbo la uso, ikiwalenga watu wa chavua. Uamuzi wa wizara ukageuka bidhaa ya dukani, na bili ikamwendea mwenye pua.

Hii ndiyo sehemu inayonikereketa, kwa sababu nasi tumeahidiwa miti bilioni 15 kufikia 2032. Saipresi, ambayo wakoloni waliileta na bado imejaa kwenye mashamba ya serikali, ni ya ukoo mmoja na sugi. Sisemi itatufanya tupige chafya. Nasema kila mtu anataja idadi, na ni wachache wanaouliza ni miti gani, na nani ataikata ikikomaa.

Japani imeuliza, kwa kuchelewa. Mwaka 2023 serikali ya Kishida ilitoa mpango: kupunguza mashamba ya sugi kwa asilimia 20 ndani ya miaka kumi, na chavua kwa nusu ndani ya miaka 30. Wakati huo wote Februari itaendelea kufika, na rafu za maski madukani zitaendelea kujazwa.