Mbuni wa Kihaya na Asili Yake

Maneno buni na kahawa yametoka katika Kiarabu, na kwa sababu hiyo msomaji wa Kiswahili huelekea kudhani kwamba mti wenyewe nao ulifuata njia ile ile: ulitoka Uhabeshi, ukavuka hadi Yemeni, ukashuka pwani, kisha ukachukuliwa bara na misafara. Lakini mbuni wa asili uotao katika vibanja vya Wahaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, haukupita njia hiyo, na lugha za huko zatoa ushahidi.

Wahaya huyaita matunda ya mti huo amwani. Wanyankole na Wanyoro husema omwani, na Waganda emmwanyi. (Mwani wa Waswahili, jani la baharini, hauhusiani na neno hili ila kwa sauti.) Jina lililoenea katika lugha kadhaa za jamaa moja, kila lugha ikilitamka kwa kanuni zake, si jina lililoletwa jana na wachuuzi. Wafanya biashara wa Kiarabu walifika Buganda katika miaka ya 1840. Kama wao ndio walioleta mti, ingalitarajiwa kusikiwa huko neno lenye asili ya buni. Badala yake, Burton alipokuwa Kazeh, karibu na Tabora ya leo, katika 1857 na 1858, alipata habari za kahawa ya Karagwe ambayo wenyeji waliitafuna.

Elimu ya mimea yaafikiana na lugha. Mbuni wa Uhabeshi ni Coffea arabica. Wa asili wa Buhaya ni Coffea canephora, uitwao pia robusta, ambao pori lake si Uhabeshi bali misitu ya joto toka Afrika ya Magharibi na Kongo hadi Uganda. Tena uchunguzi wa chembe za urithi umeonyesha kwamba arabika yenyewe ilizaliwa kwa kuchanganyika kwa kanefora na mbuni mwingine, Coffea eugenioides, ambao nao ni wa nchi za maziwa. Basi masimulizi yasemayo kwamba Wahaya waliutoa mbuni wao Uhabeshi yamemwita mzazi mtoto. Huenda yamehifadhi kumbukumbu za safari za watu, si za mti.

Mti huo haukupandwa katika shamba la peke yake. Ulikaa ndani ya kibanja, yaani kiunga cha migomba kiizungukacho nyumba, ukipata kivuli cha migomba na kula samadi ile ile ya ng'ombe na majani yaliyokatwa rweya, uwanda wa nyasi ulio nje ya vijiji. Kanefora hauwezi kujizalisha kwa chavua yake wenyewe. Kila mbegu ina wazazi wawili, na mche wake huenda usifanane na mama. Atakaye tunda la mti fulani hana budi kupanda tawi lake. Jambo hili lafaa kukumbukwa, maana yasimuliwa kwamba Wakama, wafalme wa Buhaya, walikataza kupanda mbuni kwa mbegu, na kwamba utawala wa Kijerumani uliifuta amri hiyo. Ni rahisi kuiona amri hiyo kuwa choyo tu, na hapana shaka choyo kilikuwamo. Walakini mwenye kibanja alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kupendelea tawi.

Matunda yalichumwa yangali mabichi, yakachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, yakakaushwa, ndipo yakatafunwa. Mgeni alikaribishwa kwayo. Katika omukago, yaani udugu wa kuchanjiana, tunda moja lilipasuliwa; kila mmoja aliipaka buni yake damu iliyotoka karibu na kitovu, na mwenziwe akaimeza. Tunda hilo kwa kawaida huwa na buni mbili zilizolaliana katika ganda moja. Mfano wake haukuhitaji maelezo.

Wajerumani waliweka boma Bukoba katika 1890. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika Kisumu katika 1901, buni za Bukoba ziliweza kuvushwa ziwa na kufika baharini, na mti wa heshima ukawa mti wa fedha na kodi. Sasa tunda lilingojewa liive. Katika 1937, serikali ya Kiingereza ilipotaka kulazimisha kanuni za kutunza mibuni, watu walikusanyika kuzipinga, ghasia zikatokea. Kwa bwana shamba, kibanja kilikuwa shamba la kahawa lililotunzwa vibaya. Kwa mwenyewe kilikuwa makazi, chakula na makaburi ya wazee, na mibuni ilikuwa sehemu tu ya hayo yote. Ni shida kuona vipi kanuni moja ingaliweza kuwaridhisha wote wawili. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, Bukoba Native Co-operative Union, kiliundwa katika 1950.

Tunda la kutafuna halikutoweka. Huuzwa Bukoba katika vifurushi vidogo vilivyofungwa kwa maganda makavu ya mgomba, nalo huitwa akamwani, kwa kiambishi cha udogo.