Nyasi za Fort Ternan na Kuta za Chekechea

Yapo madai yasiyokoma kurudiwa, ya kwamba taswira za majani, maua na matunda katika kuta za madarasa ya chekechea ni mapambo ya kuazima, yaliyokuja na vitabu vya Kizungu, na kwa hiyo hapana haja ya kuuliza ni mmea gani unaowekwa mbele ya macho ya mtoto. Nusu ya madai hayo ni kweli: katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet si ajabu kuikuta herufi A imewekewa tufaha jekundu, rangi imevuka mstari, ilhali nje ya dirisha hapana mtufaha. Nusu ya pili ni batili. Mafundi wa Lamu, Siyu na Unguja walichonga nakshi za mimea milangoni kabla chekechea haijajulikana katika nchi hizi. Na ijapokuwa F. R. Barton, alipoandika juu ya milango ya Unguja mwaka 1924, aliyatafutia mayungiyungi na mitende maana za siri, tafsiri hizo mimi nazipita, kwani fundi aghalabu hufuata mkono wa aliyemfundisha.

Na Kericho yenyewe ina mimea yake, ya kale kuliko milango hiyo, huko Fort Ternan. Habari za reli iliyofika Kisumu mwaka 1901, za Trevor Ternan aliyeipa ngome ya hapo jina lake, na za mashamba makubwa ya chai, zimekwisha andikwa. Walioandika juu ya Fort Ternan hukimbilia taya la Kenyapithecus, nyani mkubwa wa kale, lililopatikana mwaka 1961 katika shamba la Fred Wicker na kutangazwa na Louis Leakey mwaka uliofuata. Wachache huzitaja nyasi.

Nazo zipo. Gregory Retallack na wenzake walieleza mwaka 1990 kwamba mashapo ya volkano yalizifunika nyasi za mahali hapa yapata miaka milioni 14 iliyopita, nyingine zikiwa bado zimesimama kama zilivyoota, wakahitimisha kwamba palikuwa na mbuga yenye miti. Mwaka uliofuata Thure Cerling na wenzake, baada ya kupima kaboni ya udongo huo wa kale, hawakuona alama ya nyasi zile za nchi za joto zinazotawala mbuga za leo, wakaelekea kusema kwamba palikuwa msitu. Hoja yao ni nzito, walakini haizing'oi nyasi zilizokwisha onekana kwa macho. Kwani ziko nyasi za nyanda za baridi ambazo kaboni yake hufanana na ya miti, na kipimo kile hakiwezi kuzitenga. Mimi naegemea kwa Retallack, kwa kuwa ana mmea wenyewe mkononi.

Kumtaka mchoraji aanze na mimea ya mahali si wazo geni: Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937, aliwataka wanafunzi wachore mambo ya kwao. Kwa Wakipsigis wa Kericho na Bomet mambo hayo si haba: upo senetwet, ambao mkaa wake husafishia kibuyu cha mursik, yaani maziwa ya mgando, na upo sinendet, mmea utambaao wavishwao wanariadha warudipo na ushindi.

Tangu katiba ya mwaka 2010 elimu ya chekechea imo mikononi mwa kaunti. Basi wahusika wa Kericho na Bomet, kabla ya kumlipa mchoraji, wampeleke kwanza machimboni Fort Ternan, kisha kwa akina mama wasafishao vibuyu, ndipo apewe ukuta.