Habari za Utamu katika Nyanda za Mau

Kabla ya reli kufika Nakuru mwaka 1900, watu wa Bonde la Ufa na wa milima ya Mau iliyo upande wake wa magharibi hawakuwa na kitu kitamu cha kuwekwa akiba ghairi ya asali, na mabingwa wa asali hiyo walikuwa Waogiek, waliochonga mizinga ya magogo, wakaitundika juu ya miti mirefu, kisha wakayafuata maua kwa kadiri yalivyochanua, kutoka misitu ya chini hadi ile ya juu yenye baridi kali, kila ukoo ukilinda eneo lake ambalo mgeni haingii ila kwa idhini. Asali ilikuwa chakula na dawa, iliingia katika mahari na katika sherehe, na jirani Mmaasai au Mkipsigis aliyeitaka aliipata kwa kubadilishana. Jambo ambalo aghlabu husahauliwa na wasimulizi wa habari hizi ni kwamba utamu huo ulikuwa na mpaka uliowekwa na nyuki wenyewe: mvua ikichelewa, maua hayakuchanua, na mizinga ikabaki mitupu.

Reli ndiyo iliyouvunja mpaka ule. Pamoja nayo walikuja wafanya biashara wa Kihindi na maduka yao, na madukani mlikuwa na sukari. Mwaka 1922 kiwanda cha Miwani, karibu na Kisumu, kikaanza kusaga miwa, na katika miaka hiyo hiyo ya 1920 makampuni ya Kiingereza yakaanza kupanda chai katika vilima vya Kericho. Majani ya chai, sukari na maziwa ya ng'ombe wa Molo na Njoro yakakutana katika sufuria moja, na katika muda usiozidi umri wa mtu mmoja ikazaliwa desturi ambayo leo ni nyumba chache mno zisizoifuata. Nami naomba msomaji azingatie namna chai hii ipikwavyo, maana siha ya watu wengi imefungamana na jambo hilo dogo: katika nyumba nyingi sukari hutiwa humo humo sufuriani, ikachemka pamoja na majani na maziwa, kisha chai ikamiminwa katika chupa, hata mzee mwenye kisukari akanywa ile ile wanywayo wajukuu wake. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, ni kama gramu 48 za sukari, ilhali Shirika la Afya Ulimwenguni, katika nasaha yake ya mwaka 2015, lilisema kwamba ingefaa zaidi mtu mzima asizidi gramu 25 hivi.

Kwa dhiki kama hiyo watu wa nchi nyingi wameuliza iwapo uko utamu usio na sukari. Uliotangulia ni sakarini, iliyogunduliwa mwaka 1879 na Constantin Fahlberg katika maabara ya Ira Remsen mjini Baltimore, alipokuwa akichunguza vitu vitokanavyo na lami ya makaa ya mawe. Hiyo ni tamu kuliko sukari mara 300 au zaidi, nayo katika vita vikuu viwili, sukari ilipoadimika, ilitumiwa Ulaya kwa wingi. Tarikhi yake imejaa hukumu zilizotolewa kisha zikatanguliwa. Mwaka 1977 wakuu wa Marekani walitaka kuipiga marufuku kwa sababu panya waliolishwa kiasi kikubwa mno walipata saratani ya kibofu. Bunge likaizuia marufuku hiyo, likaridhika na onyo juu ya pakiti. Na wataalamu walipochunguza zaidi waliona kwamba mkojo wa panya dume, kwa maumbile yake, hufanya chembe ngumu zinazokidhuru kibofu, jambo lisilotokea kwa binadamu, hata mwaka 2000 sakarini ikaondolewa katika orodha ya Marekani ya vitu vinavyodhaniwa kuleta saratani. Saiklamati, kitu kingine cha kutia utamu, ilipigwa marufuku Marekani mwaka 1969, na marufuku hiyo ingalipo, ingawa Ulaya inaruhusiwa. Wala haifai kuficha kwamba baadhi ya fedha za kutafutia ubaya wake zilitoka kwa wauza sukari.

Habari hizi zililigusa bonde letu kwa karibu zaidi pale stevia ilipofika. Mmea huu asili yake ni Paraguay, ambako Waguarani waliyatia majani yake katika vinywaji vyao zamani sana kabla ya Moisés Bertoni, mtaalamu wa mimea mzaliwa wa Uswisi, kuueleza katika maandishi ya ilimu mwaka 1899. Katika karne hii kampuni ya PureCircle, yenye asili ya Malaysia, ilifanya mapatano na wakulima wa Kericho, kwa kuwa mvua na hewa ya vilima vile huufaa mmea. Wakulima wa nyanda hizi hawakuwa wageni wa biashara ya namna hiyo, kwani pareto, ua litoalo dawa ya wadudu, lilipandwa Molo na Mau Narok tangu zama za wakoloni, likashughulikiwa kiwandani Nakuru, na Kenya ikawa kwa miaka mingi muuzaji mkuu wa dawa hiyo duniani. Tofauti ni kwamba majani ya stevia yalikaushwa tu huku kwetu, yakapelekwa Asia kusafishwa, na unga wake ukirudi dukani bei yake ni mara nyingi ya bei ya sukari. Hili mimi naliona kuwa ni hasara, na mfano wa pareto watuonyesha kwamba haikuwa lazima.

Hata hukumu ya usalama wa stevia ilitolewa mbali. Mwaka 1968 wataalamu wawili walitangaza kwamba maji ya jani hili yaliwapunguzia panya uzazi, wengine wakarudia majaribio wasiyaone hayo, lakini shaka ikadumu muda mrefu. Mwaka 2008 kamati ya pamoja ya Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Ulimwenguni ilikata shauri kwamba mtu aweza kutumia kila siku miligramu 4 kwa kila kilo ya mwili wake, kwa kipimo cha stevioli, na Ulaya ikairuhusu mwaka 2011. Walakini idhini hiyo yahusu unga uliosafishwa hata usafi wake ukafika asilimia 95, si jani bichi wala maji yake. Kwa hiyo aliye na mche bustanini, akayachemsha majani kwa kukisia, asidhani kwamba ile hukumu ya wataalamu yamhusu yeye, na akiwa anatumia dawa za shinikizo la damu au za kisukari, na amwarifu tabibu wake.

Kuhusu aspatami, iliyomo katika soda nyingi zisizo na sukari, mwezi Julai 2023 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Ulimwenguni iliitia katika daraja ya vitu ambavyo huenda vikaleta saratani, kwa ushahidi iliokiri kuwa ni haba, na siku ile ile kamati ile ya pamoja iliyotajwa juu ikathibitisha kwamba kiasi cha miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili hakijabadilika, maana yake mtu wa kilo 70 angehitaji makopo zaidi ya tisa kwa siku ili akipite. Waliosoma habari ya kwanza waliingiwa na hofu, waliosoma ya pili wakatulia, na wachache walizisoma zote mbili. Wanaopaswa kujihadhari kwa yakini ni wale waliozaliwa na maradhi ya fenilketonuria, ambao miili yao haiwezi kuvunja sehemu moja ya aspatami.

Nasaha iliyo nzito zaidi kwangu ni ile ya mwezi Mei mwaka huo huo, ambamo Shirika la Afya Ulimwenguni lilisema kwamba vitu hivi, stevia ikiwamo, visitumiwe kwa ajili ya kupunguza unene, kwa kuwa manufaa ya muda mrefu hayakuonekana. Nasaha hiyo iliwatoa nje watu ambao tayari wana kisukari, nao ndio hasa waulizao swali hili katika zahanati za Nakuru. Kwa hao daktari hubakia na mizani ya mgonjwa mmoja mmoja: anakunywa vikombe vingapi, sukari hutiwa na nani, na je, nyumbani kwake wako tayari kuipika chai bila sukari na kuiweka bakuli ya sukari mezani, kila mtu ajitilie yake.