Ua la kilemba na ua la Singida

Juma hili nitazungumza habari za maua. Najua wapo watakaosema kwamba huyu mwenzetu ameishiwa: mafuta ya kula yamepanda, naye anatuletea maua. Nivumilieni kidogo, maana mafuta nayo yamo ndani ya habari hii.

Vijana waliojenga nyumba mpya pale mjini Singida, wakabakiza nafasi ya bustani mbele, huniuliza kama ua liitwalo tulipu laweza kuota kwetu. Wameliona katika picha za kalenda: ua moja juu ya bua moja, limesimama wima kama kikombe. Jibu langu ni fupi, ila historia yake ni tamu, kwa hiyo nitaanza na historia.

Wengi hudhani tulipu ni ua la Waholanzi. Sivyo. Asili yake ni milima ya Asia ya Kati, penye baridi kali na kiangazi kikavu. Waturuki ndio waliolitunza sana bustanini, na jina wanalotumia Wazungu limetokana na neno la kilemba, kwa kuwa ua lenyewe limejikunja mfano wa kilemba. Kule Istanbul wakubwa walilipenda kupita kiasi, hata wanahistoria wakauita muda wa 1718 hadi 1730, katika utawala wa Sultani Ahmed wa Tatu, Zama za Tulipu. Zama hizo zilikwisha kwa maasi, na Sultani akaondolewa kitini.

Uholanzi ilikuwa imekwisha kulipata ua hilo zamani. Mwaka 1593 mtaalamu wa mimea, Carolus Clusius, alihamia mji wa Leiden akiwa na matunguu ya tulipu, yaani ile sehemu ya chini ya udongo iliyo na maganda kama kitunguu maji. Mwaka uliofuata yakachanua. Inasimuliwa kwamba alikataa kuyauza kwa bei ya watu wa kawaida, basi watu wakaenda kuyaiba.

Yaliyofuata yametiwa chumvi nyingi. Wafanyabiashara walinunua matunguu yakiwa bado udongoni, katikati ya majira ya baridi, kwa karatasi tu. Mnunuzi hajaliona ua, na muuzaji pengine tunguu lenyewe hana. Yaliyogombewa mno ni yale yenye michirizi ya rangi mbili. Ajabu ni kwamba michirizi ile ilikuwa ugonjwa wa virusi vinavyoenezwa na vidukari, jambo lililokuja kugunduliwa katika karne ya 20: ua likipendeza, tunguu linadhoofika. Februari 1637, mjini Haarlem, wanunuzi waligoma kupandisha bei, na katika siku chache biashara yote ikaporomoka.

Vitabu vya zamani vilisema nchi nzima ilifilisika. Watafiti waliopekua upya nyaraka za wakati ule wameonyesha kwamba walioumia hawakuwa wengi, na Uholanzi iliendelea na utajiri wake. Kwangu mimi jambo kubwa ni lile la baadaye: hawakulitupa ua. Waliendelea kulichagua na kulizalisha, tunguu kwa tunguu, katika udongo wa kichanga nyuma ya vilima vya pwani, na sasa dunia hununua kwao. (Katika njaa ya 1944 na 1945, chini ya Wajerumani, wakazi wa miji yao walifikia kuyala matunguu hayo. Nasikia si matamu.)

Sasa Singida. Mji wetu uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni ikija na upepo wake tunatafuta mablanketi. Tulipu haitosheki na hiyo. Tunguu lake hutaka kulala wiki 12 au zaidi katika baridi isiyozidi nyuzi 9 hivi. Likikosa, hutoa majani matupu au ua lililodumaa. Mwenye jokofu aweza kulihadaa: aliweke humo ndani ya mfuko wa karatasi, mbali na ndizi na maembe mabivu, kwa sababu hewa inayotoka kwenye matunda hayo huua kichipukizi cha ua, kisha alipande kwenye chungu, kivulini, mwezi wa Juni. Litachanua mara moja, na mwaka unaofuata hana kitu. Hayo ni kama umeme haukukatika.

Lakini lipo ua jingine lililotoka mbali vilevile, nalo kwetu limekaa. Alizeti ni mzaliwa wa Amerika ya Kaskazini. Wahispania waliipeleka Ulaya katika karne ya 16, na kwa muda mrefu ilikuwa pambo tu la bustani, hadi Warusi walipoanza kuikamua kibiashara karibu na mwaka 1830. Baadaye wataalamu wao, mashuhuri akiwa V. S. Pustovoit, walichagua mbegu kwa miaka mingi hadi mafuta yakapita nusu ya uzito wake.

Hapa nchini Waingereza walipoanzisha mradi wao wa karanga mwaka 1947 kule Kongwa, jirani zetu, nao walijaribu alizeti karanga ziliposhindwa. Ukame ukaipiga, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Matrekta yote yale hayakuifanya alizeti iwe ya nchi hii. Aliyeifanya hivyo ni mkulima wa ekari mbili tatu, pamoja na mashine ya kukamulia. Katikati ya miaka ya 1980, kule Arusha, ilibuniwa mashine ndogo ya mkono ambayo fundi vyuma wa kawaida aweza kuiunda. Viwanda vidogo vya umeme navyo vikaenea. Ukipita barabara ya Manyoni hadi Singida masika yakielekea mwisho, utaona mashamba ya manjano pande zote, na vidumu vya mafuta vimepangwa kando ya njia vikingojea abiria wa mabasi.

Hata hivyo liko jambo linalonitia wasiwasi. Tunguu la tulipu huzaa matunguu madogo yaliyo sawasawa na mama yao. Alizeti huchavushwa na nyuki, na nyuki haulizi shamba ni la nani. Ile mbegu ya miaka mingi ambayo wakulima huiita Rekodi, iliyotoka Ulaya ya Mashariki, ikirudiwa msimu baada ya msimu huchanganyika na kuchakaa. Mwaka 2021 Serikali iliitaja Singida, pamoja na Dodoma na Simiyu, kuwa mbele katika mkakati wa alizeti, kwa kuwa zaidi ya nusu ya mafuta ya kula yalikuwa yakitoka nje. Watu wakalima. Mwaka 2023 bei ikaanguka, mafuta ya nje yakiwa tele sokoni. Aliyeumia hakuwa mchuuzi wa karatasi kama kule Haarlem, bali mshika jembe. Simwoni akisimama na ua lake kama Waholanzi walivyosimama na lao, asipopata mbegu safi na bei ya kumrudishia jasho.

Kuhusu bustani ya mbele ya nyumba, mimi nawaambia vijana watazame porini. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alikiona kimea chenye maua ya zambarau katika misitu ya Usambara, akakipeleka kwao. Kizazi chake kimejaa madirishani Ulaya na Marekani, na wanaokimwagilia wengi hawajui Tanga iko upande gani. Sisi nasi tunalo ua la tunguu, lile la mviringo mwekundu kama mpira wa moto, ambalo mvua za kwanza zikinyesha huchomoza vichakani kabla hata ya majani yake. Lichimbuliwe majani yakishanyauka, lipandwe kivulini, shingo ya tunguu ikiwa usawa wa udongo, na wakati wa kiangazi lisimwagiliwe kabisa. Lina sumu, kwa hiyo watoto wasilichezee na mbuzi wafungwe.