Beatles Hawakujisikia, Wewe Una Waya

Wasee, kuna swali watu hawaulizi wakiwa konsati: wale walio juu ya steji wanasikia nini? Sisi huku chini tumejipanga, besi inatugonga kifua, sauti ya mwimbaji iko juu ya kila kitu, na tunadhani kila mtu anasikia hivyo. Lakini hebu angalia spika kubwa zimeelekezwa wapi. Zinatutazama sisi. Wenye muziki zimewapa mgongo. Mwimbaji anapata mabaki: mwangwi kutoka ukuta wa nyuma, ngoma zinazomlipukia kisogoni, na gitaa la jirani yake.

Leo nataka tupitie historia ya hiyo shida, kwa sababu ndiyo inaeleza umuhimu wa kaboksi kadogo ka kufunga kwenye mshipi, kenye waya, ambako wasee wengi wa bendi wanakacheka. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo usitarajie hesabu za mawimbi. Hesabu yenyewe iko moja tu na ni rahisi, itakuja.

Kabla ya stima kuingia kwenye muziki, kujisikia hakukuwa shida kubwa. Fikiria mpiga nyatiti. Ameketi chini, ala yenye nyuzi nane iko mbele yake, pete ya chuma kwenye kidole cha mguu inagonga mti wa ala, njuga ziko mguuni. Sauti inatoka hapo hapo alipo, hadi mwili wake unaisikia. Vikundi vya ngoma vilisimama kwa duara, na duara si mapambo. Ukisimama kwa duara, kila mtu anamsikia kila mtu. Stima ilipokuja, duara likavunjika. Wanamuziki wakapangwa mstari mmoja wakitazama watu, na sauti yao ikapelekwa mbali nao.

Sasa ile hesabu. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Kama ukuta wa nyuma uko mita 34 kutoka kwako, sauti ya spika inaenda na kurudi mita 68. Hiyo ni sehemu moja ya tano ya sekunde. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una pigo kila nusu sekunde. Maana yake ukifuata unachosikia kutoka ukutani, umechelewa karibu nusu ya pigo. Halafu watu wanasema mwimbaji hajui kushika mdundo. Buda, anashika mdundo wa ukuta!

Mfano mkubwa kuliko wote ni tarehe 15 Agosti 1965, uwanja wa Shea, New York. Beatles wanapiga mbele ya watu zaidi ya 55,000. Amplifaya za gitaa zao zilikuwa za wati 100, ambazo kwa wakati huo zilionekana kubwa sana. Sauti za kuimba zilipitia spika za uwanja, zile za kutangazia mechi ya besiboli. Monita hakuna. Mashabiki walipiga mayowe kutoka mwanzo hadi mwisho, na wale vijana wanne hawakuweza kujisikia. Ringo Starr amesimulia kwamba huko kwenye konsati alikuwa anafuata miili ya wenzake walio mbele, jinsi wanavyotikisika, ili ajue wimbo umefika wapi. Bendi maarufu kuliko zote duniani, na mpiga ngoma anasoma migongo ya watu.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 29 Agosti 1966, walipiga konsati yao ya mwisho ya kulipiwa, uwanja wa Candlestick Park, San Francisco. Sababu zilikuwa nyingi: uchovu, vitisho, siasa. Lakini kutojisikia kulikuwa ndani ya hizo sababu. Walirudi studio, mahali ambapo mtu huvaa hedifoni na kusikia anachofanya.

Cha kushangaza ni kwamba dawa ilikuwa tayari imeanza kupikwa. Mwaka wa 1961, kampuni ya sauti ya McCune ilimwekea Judy Garland spika zilizomwelekea yeye mwenyewe jukwaani, huko huko San Francisco. Wazo ni la kawaida: kama watu wana spika yao, mwimbaji naye apewe yake. Baadaye zikaja zile monita za sakafuni tunazozijua, boksi lililoinama likimtazama mwimbaji usoni. Mpaka leo ndizo utazikuta karibu kila steji, kutoka ukumbi wa kanisa hadi uwanja wa mpira.

Lakini monita za sakafuni zilileta ngori mpya. Maiki haijui tofauti kati ya mdomo wako na spika. Ikisikia sauti ya monita, inairudisha kwenye monita, monita inaipeleka tena kwa maiki, na ndani ya sekunde moja unapata ule mluzi wa kukata masikio ambao umewahi kukufanya ukunje uso harusini. Kwa hivyo kuna kikomo cha jinsi unavyoweza kuongeza. Na wakati wewe unaomba uongezwe, mpiga gitaa naye anaomba, mpiga kibodi naye anaomba. Kila mtu akiongezwa, hakuna aliyeongezwa. Mko mahali pale pale, ila sasa mnapigiana kelele.

Mwili nao hausaidii. Mwaka wa 1911 daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza kwamba mtu akiwekwa kwenye kelele hupandisha sauti yake bila kukusudia. Unaijua hiyo ukiwa kwa matatu yenye muziki juu: unaongea na simu huku unapiga kelele na hata hujui. Mwimbaji asiyejisikia hufanya vivyo hivyo kwa saa mbili. Kesho yake amepoteza sauti, na watu wanamshauri anywe maji ya tangawizi. Tangawizi ni poa, lakini shida haikuwa koo.

Na masikio? Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inashauri usikae kwenye desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila ukiongeza desibeli 3, muda unakatwa nusu. Desibeli 88, saa 4. Ukifika desibeli 100, una dakika 15 peke yake. Steji yenye ngoma na monita zinazoshindana hufika hapo bila jasho. Mwaka wa 1976, bendi ya The Who ilipimwa desibeli 126, mita 32 kutoka kwenye spika, na ikaingia kitabu cha Guinness kama bendi ya kelele zaidi duniani. Wakati ule ilikuwa sifa. Mpiga gitaa wao, Pete Townshend, ameishi miaka mingi na mlio masikioni ambao hauzimwi, na akawa mmoja wa watu wanaowaonya wanamuziki.

Hiyo ndiyo sehemu inayonifanya niandike hii kitu. Seli za nywele ndani ya sikio la binadamu zikifa, hazimei tena. Maiki ikivunjika unatafuta nyingine, lakini sikio ni yale mawili tu uliyozaliwa nayo.

Kuna waliojaribu njia tofauti kabisa. Mwaka wa 1974, Grateful Dead wa Marekani walijenga Wall of Sound, ukuta wa mamia ya spika uliosimama nyuma ya bendi. Wanamuziki na watu wakasikia kitu kimoja, hakuna haja ya monita. Mluzi je? Kila mwimbaji alipewa maiki mbili zilizounganishwa kinyume, ili sauti inayofika kwa zote mbili ijifute, ibaki ile ya mdomo ulio karibu na moja. Akili nyingi sana. Lakini kusafirisha huo mlima kutoka mji hadi mji kulikula doo na nguvu, na kabla mwaka haujaisha wakapumzika kutoka safari za muziki. Walitaka kurudisha duara la zamani, ila walihitaji malori.

Jibu lililodumu lilikuwa dogo kuliko kidole. Badala ya kuleta spika kwa mwimbaji, iweke ndani ya sikio. Kwenye miaka ya 1980, fundi wa sauti Chrys Lindop, aliyefanya kazi na Stevie Wonder, alikuwa kati ya watu waliosukuma wazo la kumrushia mwanamuziki sauti masikioni kwa mawimbi ya redio. Halafu mwaka wa 1995, Jerry Harvey, fundi wa sauti wa Van Halen, akamtengenezea mpiga ngoma Alex Van Halen iyafoni za kuziba sikio. Alex alikuwa anazungukwa na kelele na masikio yalikuwa yanaumia. Kutokana na hizo Harvey akaanzisha Ultimate Ears. Mwaka wa 2008 Logitech waliinunua kwa dola milioni 34.

Angalia mlango ulifunguliwa na nani lakini. Stevie Wonder. Van Halen. Watu wenye lori lao la vifaa. Kwa miaka mingi kujisikia vizuri ilikuwa starehe ya wenye pesa, na sisi wengine tuliambiwa tukaze masikio. Mpaka leo ukisema monita za masikioni, msee anafikiria ile ya wayalesi, kisanduku cha antena mgongoni kama msanii wa kimataifa. Na hapo ndipo tunakosea hesabu, kwa sababu kilichoponya steji ni kuziba sikio. Redio ilikuja kumpa mtu uhuru wa kutembea, basi.

Kuhusu hiyo redio, kuna jambo la kujua. Masafa ya hewani ni mali ya umma na serikali huyapanga upya. Marekani walifunga masafa ya megahazi 700 kwa maiki za wayalesi mwaka wa 2010, na mwaka wa 2020 wakafunga sehemu kubwa ya megahazi 600. Watu wenye vifaa vizima kabisa wakajikuta hawaruhusiwi kuviwasha. Hapa kwetu masafa yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na kifaa kilichonunuliwa mitumba mtandaoni hakikuja na barua ya kukuambia kinarusha wapi. Waya hauna masafa. Hakuna redio ya jirani itakayoingia katikati ya wimbo.

Sasa tufike kwa kale kaboksi. Chukua mfano wa Behringer P2, kampuni iliyoanzishwa Ujerumani mwaka wa 1989. Ni amplifaya ndogo ya kushika mshipi, inatumia betri mbili za AAA. Unatoa waya kwenye mikisa, ile njia ya monita, unachomeka juu yake, unachomeka iyafoni zako, unazungusha kitufe cha sauti mwenyewe. Kwisha. Ziko za kampuni nyingine pia zinazofanya kazi hiyo hiyo, na bei yake haifiki karibu na ya wayalesi nzuri.

Ina mambo yake ya kuangalia. Kwanza ile swichi ya mono na stereo. Ukiletewa njia moja ya kawaida kutoka kwa mikisa, weka mono. Ukiacha stereo sauti itakuwa kama imetobolewa katikati, na utamlaumu fundi bure. Pili, iyafoni zizibe sikio kweli kweli. Zisipoziba, kelele ya ngoma inaingia, unaongeza sauti, na umejirudisha pale pale kwa Lombard. Tatu, usitoe moja ukaacha moja ili usikie watu. Sikio lililo wazi linapigwa na steji, na lile lililobaki unaliongezea. Kama unahisi uko chupani, mwambie fundi aweke maiki moja ya kuchukua ukumbi. Nne, mwambie aweke kizuizi cha kilele kwenye mikisa, ili waya ukichomolewa vibaya mlipuko usikufikie sikioni.

Na tano, anza chini. Townshend mwenyewe amesema hedifoni za studio zilichangia kumharibu. Shirika la Afya Duniani linasema vijana zaidi ya bilioni moja wako hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya jinsi wanavyosikiliza. Kaboksi hakajui kama umekavaa ujilinde au ujiumize. Ukimaliza wimbo wa kwanza, jaribu kupunguza kidogo. Mara nyingi utaona hukuhitaji yote hiyo.

Najua mtasema nini. Ati waya unakufunga, huwezi kuruka. Sawa, kama kazi yako ni kukimbia kutoka kona hadi kona, weka akiba ya wayalesi. Lakini mpiga ngoma ameketi. Mpiga kibodi amesimama mahali pamoja. Mpiga besi tayari ana waya unaotoka kwenye gitaa lake. Mwimbaji wa kwaya yuko kwa maiki yenye stendi. Hesabu watu kwenye steji ya kanisa lenu au bendi yenu ya mtaa, halafu uniambie ni wangapi wanaruka kweli.

Mimi naona hivi: kama mbogi yenu inachanga pesa, kabla ya kununua spika nyingine ya kutazama watu, nunueni kitu kimoja cha kuwatazama nyinyi. Anzeni na mpiga ngoma, kwa sababu yeye akisikia, wote wanafuata, na ndiye masikio yake yanaumia zaidi. Halafu mwimbaji. Ringo alilazimika kusoma migongo. Mpiga ngoma wenu ana miaka kumi na tisa, na hiyo kazi si lazima aifanye.