Upotevu wa Joto Chumbani na Uchaguzi wa Rejeta

Upotevu wa joto ni nishati inayotoka chumbani kupitia kuta, madirisha, sakafu, dari na nyufa wakati ndani kuna joto kuliko nje. Hupimwa kwa wati, na katika nchi zenye majira ya baridi ndio msingi wa kuchagua rejeta, yaani chombo cha chuma kinachofungwa ukutani na kupitishwa maji ya moto kutoka kwenye boila. Kazi ya rejeta ni kurudisha wati zilezile zinazopotea. Ikirudisha pungufu, chumba hupoa hadi pale kinachotoka na kinachoingia vinapolingana, hata kama boila itanguruma usiku kucha.

Makala hii inafuata utaratibu wa Uingereza, ambako nyumba nyingi hupashwa joto kwa boila ya gesi. Ni nchi yenye nyumba kuukuu. Safu kwa safu za nyumba za matofali zilizojengwa enzi za Malkia Victoria bado zinakaliwa, na miongoni mwa wakazi wake wamo watu waliotoka Afrika Mashariki, ambao hawakukua wakiziona rejeta. Mpangaji wa namna hiyo akiambiwa kwamba sebule yake ni ya baridi kwa sababu "nyumba za zamani ndivyo zilivyo", anastahili kujua kwamba baridi hiyo ina hesabu, na hesabu yenyewe anaweza kuifanya kwa futi ya kupimia na kikokotoo cha simu.

Kanuni

Mwaka 1822 Mfaransa Joseph Fourier alichapisha kitabu chake kuhusu nadharia ya joto, akaonyesha kwamba joto hupita katika kitu kwa kadiri ya tofauti ya halijoto kati ya pande zake. Rejeta zilikuja baadaye, katika miaka ya 1850, na sifa ya kuzibuni hupewa Franz San Galli, mwenye kiwanda wa St Petersburg. Fundi wa leo bado anatumia msingi wa Fourier: eneo la ukuta kwa mita mraba, mara thamani ya U ya ukuta huo, mara tofauti ya nyuzi kati ya ndani na nje. Jibu ni wati.

Thamani ya U hueleza wati ngapi zinapita kwenye mita mraba moja kwa kila tofauti ya nyuzi moja. Kadiri ilivyo ndogo ndivyo ukuta unavyohifadhi joto. Majedwali yapo, lakini inafaa kuikokotoa mwenyewe angalau mara moja. Chukua ukuta wa tofali usio na mwanya ndani yake, wenye unene wa milimita 215. Upitishaji joto wa tofali ni takriban 0.77. Gawa unene wa mita 0.215 kwa 0.77, upate ukinzani wa 0.28. Plasta ya ndani ya milimita 13 huongeza karibu 0.03. Hewa iliyotulia juu ya uso wa ukuta nayo huzuia joto kidogo: 0.13 upande wa ndani na 0.04 upande wa nje. Jumla ni 0.48, na 1 ukiigawa kwa jumla hiyo unapata U ya 2.1.

Sasa bandika kwa ndani ubao wa kihami joto wa milimita 100 wenye upitishaji wa 0.035. Ukinzani unaruka hadi 3.34 na U inashuka hadi 0.3. Ubao huo mwepesi, ambao mtoto anaweza kuubeba, unazuia joto mara sita kuliko ukuta mzima uliokuwapo.

Thamani nyingine zinazokutwa mara nyingi ni hizi: dirisha la kioo kimoja karibu 5, la vioo viwili vya zamani 2.8, la vioo viwili vya kisasa 1.4 au chini yake. Ukuta wa tabaka mbili wenye mwanya mtupu katikati una karibu 1.5, na mwanya huo ukijazwa kihami hushuka hadi karibu 0.5.

Halijoto za kukokotolea

Ndani huchukuliwa nyuzi 21 za Selsiasi kwa sebule, 18 kwa chumba cha kulala na 22 kwa bafu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makazi na afya wa mwaka 2018, lilitaja nyuzi 18 kuwa kiwango salama cha ndani kwa watu wa kawaida katika majira ya baridi, na likashauri zaidi ya hapo kwa wazee, watoto wadogo na wagonjwa. Kwa nje, hesabu nyingi za kusini mwa Uingereza hutumia nyuzi 3 chini ya sifuri. Zipo siku za baridi zaidi, lakini ni chache, na kununua rejeta kwa ajili ya siku hizo pekee ni gharama isiyo na faida.

Sebule moja kwa mfano

Tuseme ni sebule ya mbele katika nyumba iliyo katikati ya safu: upana mita 4, kina mita 3.5, kimo mita 2.6. Ndani ni nyuzi 21, nje ni 3 chini ya sifuri, kwa hiyo tofauti ni 24. Majirani wa pande zote mbili wanapasha joto nyumba zao, basi kuta za pembeni hazipotezi kitu. Nyumba ya jirani ikiwa tupu na baridi, ukuta wake nao huingia kwenye hesabu.

Ukuta wa mbele una mita mraba 10.4. Ukitoa dirisha la mita mraba 2.4, zinabaki 8. Nane mara 2.1 mara 24 ni wati 403. Dirisha la vioo viwili vya zamani linapoteza wati 161. Sakafu ni ya mbao juu ya nafasi ya hewa, na kwa U ya 0.7 inapoteza wati 235. Juu kuna chumba cha kulala chenye nyuzi 18, hivyo tofauti ni 3 tu. Kwa U ya 1.7 dari inapitisha wati 71.

Inabaki hewa, ambayo ndiyo husahauliwa kuliko vyote kwa sababu haionekani wala haina eneo la kupima. Ujazo wa chumba ni mita za ujazo 36.4. Katika nyumba kuukuu yenye nyufa, hewa yote ya sebule huweza kubadilika mara moja na nusu kwa saa. Kanuni yake ni 0.33, mara idadi ya mabadiliko kwa saa, mara ujazo, mara tofauti ya nyuzi. Jibu ni wati 432, zaidi ya ukuta wenyewe. Dohani ya zamani ikiwa wazi, namba hiyo hupanda sana.

Jumla ya sebule ni karibu wati 1,300. Baadhi ya mafundi huongeza asilimia 10 au 15 pale ambapo joto huwashwa kwa vipindi, ili chumba kisichelewe kupata joto asubuhi.

Kuna njia ya mkato inayopendwa: wati 100 kwa kila mita mraba ya sakafu. Kwa sebule hii ingetoa 1,400, na mtu angedhani kanuni imethibitika. Lakini weka kihami kile ukutani na uzibe nyufa hadi hewa ibadilike mara moja tu kwa saa. Upotevu unashuka hadi karibu wati 815, ilhali njia ya mkato inaendelea kusema 1,400, kwa kuwa sakafu haijabadilika. Kipimo kisichoona ukuta hakiwezi kumsaidia mwenye nyumba.

Kusoma katalogi

Nguvu ya rejeta iliyochapishwa kwenye katalogi ni kweli kwa sharti moja tu. Chini ya kiwango cha Ulaya EN 442, rejeta hupimwa maji yakiingia na nyuzi 75, yakitoka na 65, na chumba kikiwa na 20. Wastani wa maji ni 70, yaani 50 juu ya chumba. Maji yakiwa na joto dogo zaidi, nguvu hupungua kwa kasi kuliko tofauti yenyewe: tofauti ikiwa 25 badala ya 50, rejeta hutoa takriban asilimia 40 tu. Katalogi za kale za Uingereza zilitumia tofauti ya 60, hivyo rejeta ya miaka hiyo inaonekana kwenye karatasi kuwa na nguvu kuliko ya leo ya ukubwa uleule.

Rejeta ya paneli mbili zenye mabati ya mikunjo katikati, ambayo huitwa aina ya 22, ikiwa na kimo cha milimita 600, hutoa karibu wati 1,700 kwa kila mita ya urefu katika vipimo vya EN 442. Kwa maji ya nyuzi 75, sebule yetu inatosheka na sentimita 80. Lakini boila za kisasa, zinazovuna joto kutoka kwenye mvuke wa moshi wake, hufanya hivyo vizuri pale tu maji yanaporudi yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi. Kanuni za ujenzi za England zilizoanza kutumika Juni 2022 zinataka mfumo mpya wa maji ya joto usanifiwe kwa maji yasiyozidi nyuzi 55.

Maji yakiingia na 55 na kutoka na 45, wastani ni 50, yaani 29 juu ya sebule. Rejeta inatoa asilimia 49 ya namba ya katalogi, kwa hiyo tunahitaji wati 2,640 za katalogi, yaani urefu wa mita 1.6. Kwa pampu ya joto, yaani mtambo unaochukua nafasi ya boila, inayotuma maji ya nyuzi 45 na kuyapokea yakiwa 40, hitaji linafika karibu wati 3,900. Chumba kile kile kikiwa kimewekewa kihami na kuzibwa nyufa kinatosheka na rejeta ya mita moja kwa maji ya 55. Ndiyo maana fedha ya kwanza iende kwenye ukuta na nyufa, ndipo rejeta inunuliwe.

Vipimo vingi vya madukani hutajwa kwa BTU; wati moja ni BTU 3.41 kwa saa.

Mahali na usawazishaji

Rejeta huwekwa chini ya dirisha ili hewa ya moto inayopanda ikutane na ya baridi inayoshuka kutoka kwenye kioo. Pazia refu linaloifunika hupeleka joto dirishani. Kochi lililosogezwa mbele yake nalo hupunguza mzunguko wa hewa.

Rejeta sahihi yaweza kubaki baridi ikiwa mfumo haujasawazishwa, kwa sababu zilizo karibu na pampu inayosukuma maji hupokea maji mengi na za mbali hukosa. Kila rejeta ina vali mbili. Ile iliyofichwa chini ya kifuniko ndiyo ya kusawazishia. Fundi hubana vipimajoto viwili kwenye mabomba, kimoja penye kuingia na kingine penye kutoka, kisha hukaza vali hiyo taratibu, akianza na rejeta zilizo karibu na pampu, hadi kila moja ionyeshe tofauti iliyokusudiwa. Katika mfano wetu ni nyuzi 10.