Seli mundu: Jeni moja, vijidudu vingi na hatima ya mtoto

KATIKA mtaa wa Lucky Summer na jirani zake Baba Dogo, Ngomongo na Korogocho, kuna familia nyingi ambazo asili yake ni kandokando mwa Ziwa Victoria na magharibi mwa Kenya. Wazazi walihamia Nairobi kusaka riziki, wakapanga vyumba, wakajaliwa watoto. Baadhi yao walikuja mjini wakiwa na urithi mwingine wasioujua: jeni ya seli mundu, ambayo hupitishwa kimya kimya kutoka kizazi hadi kizazi bila ya mwenye nayo kuugua hata siku moja.

Mtoto anayezaliwa na ugonjwa wenyewe huonekana mzima katika miezi ya mwanzo, kwa kuwa aina ya himoglobini aliyokuwa nayo tumboni mwa mamaye ingali inamkinga. Anapokaribia nusu mwaka, kinga hiyo hupungua. Vidole na nyayo huvimba, mtoto hulia usiku kucha bila sababu inayoonekana, macho hugeuka manjano. Kuna wazazi wanaodhani ni meno, na wapo wanaoshuku mkono wa jirani mwenye kijicho.

Chanzo chake ni kosa dogo mno. Himoglobini ni protini iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu, na kazi yake ni kubeba oksijeni. Mnamo 1956 mwanasayansi Vernon Ingram, akiwa Cambridge, alianza kuonyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa hutofautiana na ya mtu mzima wa afya kwa asidi amino moja tu: mahali palipostahili asidi ya glutamiki pamewekwa valini. Kwa badiliko hilo, oksijeni ikipungua, protini hizo hushikamana na kuivuta chembe mpaka ikapinda mfano wa mundu wa kuvunia mpunga. Chembe zilizopinda huziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Nyingine huvunjika mapema na kumwacha mtoto bila damu ya kutosha.

Ili augue, mtoto sharti arithi jeni hiyo kutoka kwa baba na mama. Akirithi moja tu, huitwa mbebaji, na kwa kawaida huishi maisha yake bila matatizo. Wazazi wawili wabebaji wanapopata mtoto, uwezekano wa mtoto huyo kuugua ni robo, uwezekano wa kuwa mbebaji kama wao ni nusu, na robo iliyosalia ni wa kuwa huru kabisa. Hesabu hii huanza upya katika kila mimba. Kuwa na mtoto mmoja mgonjwa si hakikisho kwamba watatu watakaofuata watasalimika, ingawa dhana hiyo husikika mara kwa mara.

Katika baadhi ya jamii za kanda ya ziwa, takriban mtu mmoja kati ya watano ni mbebaji. Wawili wa jamii kama hiyo wakikutana bila kupimwa, uwezekano wa wote wawili kuwa wabebaji ni mmoja kati ya 25, na uwezekano wa mtoto wao kuugua ni mmoja kati ya 100. Kwa ugonjwa wa kuzaliwa nao, hicho ni kiwango kikubwa sana.

Ndipo linapozuka swali ambalo liliwasumbua wataalamu kwa miaka mingi. Zamani wengi wa waliozaliwa na ugonjwa huu walifariki kabla ya kupata watoto wao. Jeni inayoua kiasi hicho ingepaswa kufifia. Mbona haikufifia?

Jibu lilipatikana Afrika Mashariki. Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kulelewa Kenya, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oxford alipojiunga na msafara wa kitaaluma uliokuja nchini mwaka 1949. Akikusanya sampuli za damu kutoka kwa jamii mbalimbali, aligundua kwamba wabebaji walikuwa wengi pwani na kandokando mwa Ziwa Victoria, lakini katika nyanda za juu zenye baridi walikuwa haba mno. Ramani hiyo ililingana na ramani ya malaria.

Allison alirejea miaka michache baadaye, akawachunguza watoto nchini Uganda na kuona kwamba wabebaji walikuwa na vimelea vichache zaidi vya malaria. Alifanya pia jaribio ambalo leo kamati yoyote ya maadili ingelitilia shaka: wanaume 30 wa jamii ya Waluo waliojitolea waliambukizwa malaria makusudi. Kati ya 15 ambao hawakuwa na jeni ya seli mundu, 14 walipatikana na vimelea. Kati ya wabebaji 15, ni wawili tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954, na yangali yanafundishwa katika vyuo vya tiba duniani kote kama mfano bora wa jinsi kijidudu kinavyoweza kuunda upya urithi wa binadamu.

Kwa maneno mengine, malaria ndiyo iliyoitunza jeni hii. Ilipowaua watoto wasio nayo, waliobeba moja walibaki, wakaoa na kuolewa. Waliorithi mbili ndio waliolipa gharama.

Uchunguzi huo uliendelezwa Kilifi, ambako Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI) na shirika la Wellcome Trust la Uingereza zilianzisha kituo cha pamoja mwaka 1989. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, kundi lililoongozwa na Thomas Williams lilibainisha kwamba mbebaji hupata kinga ya karibu asilimia 50 dhidi ya malaria ya kawaida, asilimia 75 dhidi ya malaria ya kumlaza hospitalini, na karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Mwaka huo huo ilidhihirika kwamba mambo si mepesi: watu waliorithi seli mundu moja pamoja na kasoro nyingine ya damu iitwayo alfa thalasemia, ambayo nayo peke yake hukinga, walipoteza sehemu kubwa ya manufaa hayo. Kinga mbili zilipokutana zilibatilishana.

Huko huko Kilifi, mnamo 2020 watafiti walieleza siri ya kundi la damu liitwalo Dantu, ambalo halipatikani kwa wingi nje ya sehemu chache za Afrika. Ngozi ya chembe nyekundu za watu hao imekaza zaidi, hivi kwamba kimelea hushindwa kupenya. Wanaorithi nakala mbili za Dantu hupata kinga ya zaidi ya asilimia 70 dhidi ya malaria kali.

Kimelea nacho hakikukaa kusubiri. Utafiti uliotolewa mwaka 2022, uliolinganisha jeni za watoto wa Kenya na Gambia na jeni za vimelea vilivyowaugua, ulionyesha kwamba kuna aina za vimelea zenye mabadiliko katika sehemu tatu za urithi wao, ambazo huweza kumwingia mbebaji wa seli mundu kana kwamba hana kinga yoyote. Miaka 68 baada ya Allison, ikawa wazi kwamba vita hivi vina pande mbili.

Hapa pana jambo ambalo mkazi wa Lucky Summer anafaa kulielewa barabara. Anayekingwa ni mbebaji. Mtoto mwenye ugonjwa wenyewe, yaani aliyerithi jeni mbili, hana salama hiyo. Malaria ikimpata humvunjia chembe chache alizo nazo na kumuua upesi kwa upungufu wa damu. Kumwambia mzazi kwamba mtoto wa seli mundu "haugui malaria" ni kumpotosha.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na ubaridi wake huzuia kimelea kukomaa ndani ya mbu, kwa hiyo maambukizi ya malaria jijini ni machache. (Wataalamu wana wasiwasi kuhusu mbu aina ya anofelesi stefensi, azaaye katika matangi ya maji mijini, ambaye kuwepo kwake Marsabit kulitangazwa mwaka 2023.) Hatari kubwa huja wakati wa likizo. Mwezi wa Desemba mabasi hujaa abiria waendao Siaya, Homa Bay, Busia na Kakamega. Mtoto aliyelelewa jijini hana kinga ambayo binamu zake wa kijijini wameipata kwa kuugua mara kwa mara. Kwa mwenye seli mundu, safari hiyo bila dawa za kuzuia malaria na chandarua chenye dawa ni hatari kubwa.

Malaria, hata hivyo, si adui wa pekee, na kwa mtoto aishiye jijini mwaka mzima huenda isiwe wa kwanza. Bandama, kiungo kinachochuja bakteria katika damu, huharibiwa mapema na chembe zilizopinda. Mwaka 2009 watafiti wa Kilifi waliripoti kwamba watoto wenye seli mundu walikabiliwa na hatari ya bakteria kuingia kwenye damu mara 26 kuliko wenzao. Walioongoza ni nyumokokasi, kijidudu kinacholeta nimonia na homa ya uti wa mgongo, asilimia 41 ya visa. Salmonela isiyo ya homa ya matumbo, asilimia 18. Na hemofilasi aina ya b, asilimia 12. Takwimu hizi zina faraja ndani yake, kwa sababu Kenya ilianza kutoa chanjo ya hemofilasi aina ya b mwaka 2001 na ile ya nyumokokasi mwaka 2011, bila malipo, katika zahanati za umma.

Salmonela haina chanjo katika ratiba hiyo. Ile ya homa ya matumbo, ambayo Kenya iliizindua mwaka 2025, inalenga kijidudu kingine cha ukoo huo huo. Salmonela tunayoizungumzia, ambayo katika nchi tajiri huleta kuhara tu, hapa Afrika ina aina iliyojibadili jeni zake ikawa hodari wa kuingia damuni na sugu kwa dawa nyingi. Ramani yake ya urithi ilichapishwa mwaka 2009 kutokana na sampuli za Malawi na Kenya. Sam Kariuki wa KEMRI na wenzake waliofuatilia familia za watoto waliougua jijini Nairobi walipata, katika matokeo ya mwaka 2006, kwamba vijidudu vilivyofanana na vya mgonjwa vilikuwa kwa ndugu na walezi wake zaidi kuliko kwa mifugo ya nyumbani. Katika chumba kimoja wanamolala watu watano, na choo kikitumiwa na ploti nzima, maana ya matokeo hayo haihitaji mkalimani.

Malaria na bakteria nazo husaidiana. Kati ya 1999 na 2007 malaria ilishuka sana Kilifi, na maambukizi ya bakteria damuni yakashuka pia. Watafiti walikadiria kwamba malaria ilipokuwa imeenea zaidi, asilimia 62 ya visa vya bakteria damuni ilitokana nayo. Walijuaje? Kwa kuwatumia wabebaji wa seli mundu kama kipimo: malaria ilipokuwa nyingi, wabebaji walikingwa dhidi ya bakteria vilevile, ilipotoweka, kinga hiyo nayo ikatoweka.

Si seli mundu pekee iliyofichua uhusiano wa vijidudu na jeni katika ukanda huu. Uganda, mnamo 1958, daktari Denis Burkitt alieleza saratani ya taya kwa watoto. Mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr viligunduliwa ndani ya chembe zake, na baadaye ikajulikana kwamba virusi hivyo, malaria ya mara kwa mara na kuhamishwa kwa jeni moja kutoka mahali pake ndivyo huijenga saratani hiyo. Na hapa Eastlands kwenyewe, Majengo, Pumwani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Manitoba, Kanada, walianza kuwafuatilia makahaba mwaka 1985. Kundi dogo miongoni mwao halikuambukizwa virusi vya Ukimwi licha ya miaka mingi ya hatari, na sehemu ya sababu ilipatikana katika jeni zinazoongoza kinga ya mwili. Baadhi yao waliambukizwa baadaye, wengine baada ya kuacha kazi hiyo kwa muda. Chanjo iliyobuniwa kwa kuiga kinga yao ilianza kujaribiwa Nairobi mwaka 2001, lakini haikufua dafu.

Kuhusu seli mundu, matibabu yapo. Mtoto aliyetambuliwa mapema hupewa penisilini kila siku hadi afikishe miaka mitano, chanjo zote, na asidi ya foliki. Dawa ya haidroksiyurea, ambayo huuchochea mwili kurejelea himoglobini ya utotoni, ilijaribiwa kwa watoto 606 nchini Angola, Kongo, Kenya na Uganda. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba vipindi vya maumivu vilipungua kwa zaidi ya nusu, malaria vivyo hivyo, na vifo vikashuka. Tiba ya kurekebisha jeni yenyewe iliidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, ila bei ya mojawapo ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Kipimo sahihi ni kile kinachotenganisha aina za himoglobini, wala si kile cha haraka cha kutazama tu iwapo chembe zinapinda, kwani hicho hakitofautishi mbebaji na mgonjwa na humkosea mtoto mchanga. Mzazi anayeambiwa matokeo aulize jambo moja: ni jeni moja au mbili? Na mtoto mwenye mbili akipata joto la nyuzi 38 au zaidi, hata akiwa anacheza, hapaswi kusubiri asubuhi wala kununuliwa dawa dukani. Apelekwe hospitalini saa hiyo hiyo, na daktari aambiwe kabla ya kitu kingine chochote kwamba ana seli mundu.